Wembe Kabla ya Goti Jipya

Asubuhi hiyo Auma alikaa kwenye kigoda akipepeta wimbi. Nyumba yake iko Kwapa, upande wa Uganda, si mbali na barabara ya malori yanayokwenda mpakani Malaba. Binti yake Prossy alikuwa anafagia uwanja. Kuku waligombania punje zilizodondoka.

Mtu alikohoa nje ya ua. Auma alikijua kikohozi hicho. Ni shemeji yake Olweny, kaka mkubwa wa marehemu mume wake.

Kwao mwanamke hupiga magoti akimsalimu mkubwa wa ukoo. Auma alifanya hivyo tangu aolewe. Lakini siku hiyo alishika fremu ya mlango, akajivuta, akasimama. Goti lake la kulia lililia kama mtu anayetafuna mahindi makavu. Akanyoosha mkono akiwa wima.

Olweny aliutazama ule mkono. Hakuushika haraka.

"Mama Prossy, siku hizi hupigi magoti?"

"Shemeji, goti limekataa."

"Limekataa kwangu tu? Jumapili nilikuona kanisani umekaa vizuri."

"Kukaa si shida. Kuinuka ndiyo kazi."

Olweny hakuamini. Mzee huyu alifanya kazi Malaba miaka mingi, akikagua malori ya mawakala wa forodha. Aliona sukari iliyofichwa chini ya maharagwe. Aliona tangi la mafuta lenye sakafu mbili. Kila lori alilizunguka mara mbili. Akiridhika, alilipiga kofi ubavuni na kusema, "Pita." Tangu siku hizo haamini kitu mpaka akizunguke.

Lakini Auma hakuwa anadanganya. Mguu wake ulikuwa umepinda kwa nje. Shamba lake la mihogo lilikuwa karibu, ng'ambo ya njia tu, lakini lilikuwa limeota magugu. Hata chooni alikwenda akiwa ameshikwa na Prossy. Alipochuchumaa, hakuweza kuinuka peke yake.

"Mwanangu," alisema siku moja wakitoka chooni, na machozi yalimtoka, "nataka kitu kimoja tu. Niende choo na shamba bila kushikwa kama mtoto."

Prossy alimpeleka hospitali kubwa upande wa Kenya. Olweny alifuatana nao. Alisema anakwenda kuangalia watu hao wanasema nini.

Daktari alipiga picha ya goti. Muuguzi, Sista Annet, aliwaonyesha picha hiyo.

"Mama, kati ya mifupa miwili ya goti kuna kitu laini kinachoteleza. Kinaitwa gegedu. Lako limekwisha. Sasa mfupa unasaga mfupa. Si kila goti linalouma linahitaji upasuaji. Wengi husaidiwa na dawa, mazoezi na kupunguza uzito. Wewe ulijaribu yote hayo, hayakutosha. Daktari anaweza kuondoa sehemu iliyosagika na kuweka kiungo kipya cha chuma na plastiki ngumu."

"Mtanikata mguu?" Auma aliuliza.

"Hapana. Mguu ni wako, unabaki."

"Mtapasua goti lote?"

"Kwako inawezekana kupasua kidogo. Daktari anapita kando ya misuli, haikati sana. Njia hiyo haimfai kila mgonjwa, lakini wewe inakufaa."

Olweny alikunja uso. "Kidogo? Chuma kipite mahali padogo? Mimi nimeona ujanja mwingi, sista."

"Mzee, uliza chochote. Hatukasiriki."

Sista Annet aliwaeleza maandalizi. Auma afanye mazoezi ya kukaza paja. Aoge vizuri kwa sabuni siku ya kuja. Asinyoe mguu nyumbani. Akiwa na kidonda, jipu, jino bovu au homa, aseme. Aseme pia kila dawa anayotumia, hata ya miti shamba.

"Unatumia dawa gani, mama?"

"Hakuna," Auma alijibu upesi. Alikuwa amekumbatia mkoba wake.

Waliporudi nyumbani, Auma hakuwa na amani. Jirani mmoja alimwambia kwamba chuma huoza ndani ya mwili. Mwingine alisema madaktari huchukua mifupa ya watu na kuiuza. Auma alianza kuwaza. Kama watu hawa ni wazuri, mbona wanauliza maswali mengi hivyo? Mbona wanataka kujua kilichomo mkobani mwangu?

Siku moja kabla ya upasuaji alikwenda kwa Osire, mganga wa mifupa. Osire alimchanja kwa wembe kuzunguka goti. Akapaka unga mweusi kwenye chale.

"Sasa hata wakiweka chuma chao, hakitakudhuru," Osire alisema.

Auma alifunika goti kwa leso. Hakumwambia Prossy. Alimwambia Olweny, na Olweny alikubali kwa kichwa. "Umefanya vizuri. Mtu hujilinda."

Kesho yake hospitalini, Sista Annet alimwandaa Auma. Alifungua leso. Mara akamwita daktari. Daktari aliangalia chale zile, akatikisa kichwa.

"Mama, leo hatupasui. Mpaka ngozi ipone kabisa."

Olweny alisimama. "Nilijua! Watu hawa wana njama. Tumetoka Kwapa gizani, mgonjwa hajala, halafu mnasema rudi? Kwa sababu ya wembe?"

"Mzee, kaa nikueleze," Sista Annet alisema. "Ngozi nzima ni ukuta. Inazuia vijidudu. Hizi chale ni milango midogo. Vijidudu vikiingia, vinaweza kwenda kukaa kwenye kiungo kipya. Chuma hakina damu. Vijidudu vikishakaa pale, dawa inashindwa kuvifikia vizuri. Tungeweza kulazimika kukitoa kiungo chote. Mama angebaki na mguu mbaya kuliko huu."

Olweny alikaa.

"Lori likifika Malaba na sili imevunjwa," alisema polepole, "ule muhuri unaofunga mlango, halipiti. Hata kama dereva anaapa kwamba mzigo ni mzima. Lazima lisimame."

"Hivyo hivyo, mzee."

"Kwa hiyo mguu wa Mama Prossy, sili imevunjwa."

"Ndiyo."

"Na mimi nikamwambia amefanya vizuri." Olweny alivua kofia, akajikuna kichwa.

Auma aliwatazama wote. Kama walitaka tu mifupa yangu, aliwaza, leo nilikuwa nimelala mbele yao. Mbona hawakuichukua? Taratibu alifungua mkoba wake. Alitoa kipakiti cha nailoni chenye vidonge visivyo na jina.

"Sista, na hivi pia. Nanunua sokoni Busia. Vinaondoa maumivu haraka."

"Asante kwa kusema, mama. Wakati mwingine vidonge kama hivi vina dawa kali isiyoandikwa. Inaweza kuharibu tumbo na figo, kuzuia kidonda kupona, au kukutoa damu nyingi wakati wa upasuaji. Usiendelee navyo kimyakimya, na usiviache ghafla peke yako. Daktari atapima damu na kukuambia la kufanya."

"Hukasiriki?"

"Ningekasirika kama ningejua baada ya kukupasua."

Walirudi Kwapa kusubiri. Safari hii walijiandaa. Prossy aliondoa mikeka sakafuni ili mama asijikwae. Alihamisha vyungu na sufuria kutoka chini akaviweka juu ya meza. Alimfunga mbuzi mbali na njia ya kwenda chooni.

Olweny alipewa kazi ya viti. Fundi alitengeneza kiti kirefu chenye mikono, na kingine chenye tundu katikati, cha kuweka juu ya shimo la choo. Olweny hakumwamini fundi. Aliweka kiti cha choo katikati ya uwanja, akakikalia, akajitikisa mbele na nyuma. Wanawake waliokuwa wakipita na kuni walisimama.

"Mzee Olweny, choo kimehamia nje?"

"Piteni zenu! Nakagua."

Walicheka mpaka wakatua kuni zao. Auma naye alicheka. Ilikuwa siku nyingi hajacheka.

Ngozi ilipopona, walirudi hospitali. Daktari alikagua goti. Hakukuwa na kidonda. Auma alipasuliwa.

Olweny aliruhusiwa kumwona baadaye. Aliangalia bandeji. Ilikuwa ndogo. Alimvuta Prossy pembeni.

"Mwanangu, tumepigwa. Kidonda hiki ni kidogo mno. Hawakuweka kitu."

"Baba mkubwa, sema pole pole. Mama anasikia."

"Asikie! Goti zima limeingilia wapi?"

Sista Annet alileta picha mpya. Kiungo kilionekana cheupe, kiking'aa.

"Picha ya nani hii?" Olweny aliuliza. Alitafuta jina. Aliposoma "Auma", bado hakuridhika. "Kuna Auma wangapi hapa Kenya?"

Wakati huo aliingia Emong, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ni kijana wa Kiteso, mpole lakini hana mchezo.

"Mama, tunasimama."

"Leo? Wewe mtoto, unataka kuniua?"

"Leo. Ukilala tu, damu inaweza kuganda mguuni. Na goti litakakamaa. Shika hii fremu. Mimi niko hapa."

Auma alisimama. Alitetemeka, akauma midomo, akapiga hatua fupi. Olweny alikwenda nyuma yake. Aliinama, akafumba jicho moja, kama alivyokuwa akitazama lori linalolala upande.

"Mguu huu ulikuwa umepinda," alisema. "Sasa umenyooka." Akazunguka mbele, akatazama tena. Jina kwenye picha hakuliuliza tena.

Kabla ya kuwaruhusu, Sista Annet aliwakalisha. "Kidonda cha nje ni kidogo, lakini ndani kazi iliyofanyika ni kubwa. Msidanganywe na udogo wake. Msipake majani, samli wala unga wowote. Bandeji ibaki kavu. Mama amalize dawa zake zote, hasa ile ya kuzuia damu kuganda. Akipata homa, kidonda kikitoa usaha au kuzidi kuwa chekundu, njooni. Akivimba na kuumwa nyuma ya mguu, msingoje. Akishindwa kupumua au akiumwa kifua, kimbilieni hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo."

Nyumbani, siku za kwanza zilikuwa ngumu. Goti liliuma na kuvimba. Prossy aliweka barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Lakini mazoezi Auma aliyaogopa. Aliviringisha blanketi akaliweka chini ya goti, akalala hivyo. Hapo alisikia nafuu.

"Mama, Emong alisema usiweke kitu chini ya goti."

"Emong ni mtoto. Anataka uzi wa kidonda ukatike, nishonwe tena, apate kazi."

Prossy hakubishana. Alimpigia Emong simu, akampa mama yake.

"Mama, goti linanyooka?" Emong aliuliza.

"Linanyooka kidogo."

"Umeweka mto chini yake?"

Auma alilitazama blanketi. "Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Karibu kila mgonjwa hufanya hivyo, kwa sababu hilo linaleta nafuu. Lakini goti likizoea kukunjwa, litakataa kunyooka. Utachechemea maisha yako yote, na chuma kiko salama ndani. Uzi hautakatika kwa kukunja na kunyoosha kama nilivyokuonyesha. Kunywa dawa ya maumivu kwanza, subiri ifanye kazi, ndipo ufanye mazoezi."

"Na kupiga magoti?"

"Kwa sasa hapana. Tutaangalia baadaye. Watu wengine hawapendi kupiga magoti wakiwa na goti jipya, hata likipona."

Auma alirudisha simu. Kisha akalivuta blanketi mwenyewe, akalitupa mwisho wa kitanda.

"Prossy, niletee dawa."

Tangu siku hiyo alifanya mazoezi, asubuhi na jioni, huku akinung'unika na kumtukana Emong kwa sauti ya chini. Kwanza alitembea kwa fremu mpaka mlangoni. Baadaye mpaka chooni, kwenye kile kiti cha tundu. Siku aliyokwenda huko peke yake, Prossy alisimama nyuma ya nyumba akisikiliza. Mama alitoka, akamwona.

"Unanichunguza kama baba yako mkubwa?"

Fremu ikaachwa, ikaja fimbo. Waliporudi hospitali kuangaliwa, Emong alifurahi. Alisema sasa Auma anaweza kuanza kwenda shambani, bila kubeba mzigo mzito.

Asubuhi moja Auma alikuwa kwenye kiti chake kirefu. Kikohozi kilisikika nje ya ua. Auma alishika mikono ya kiti, akainuka. Hakungoja mlangoni. Alichukua fimbo, akapita uwanja, akatoka, akamkuta Olweny bado yuko njiani. Hapo alisimama wima, akanyoosha mkono.

"Shemeji, karibu. Magoti bado wamenikataza."

Olweny alimzunguka. Alitazama mguu kwa nyuma, akatazama kwa mbele. Akazunguka tena. Prossy aliacha kufagia, akawatazama.

Olweny aliushika mkono wa Auma kwa mikono yake miwili.

"Miaka yote ulinisalimu mimi nikiwa nimefika," alisema. "Leo umetembea kuja kunipokea. Hiyo inatosha, Mama Prossy. Unakwenda wapi na fimbo hiyo?"

"Shambani. Kuangalia mihogo yangu."

Mzee alitoka katikati ya njia, akasimama kwenye majani.

"Pita," alisema.

Auma akapita.