Mwisho Alioubuni Mohdhar

—Tuizime, Mama Umi. Betri itaisha, alisema Mohdhar.

—Imejaa. Keti.

Ilikuwa baada ya alasiri, nyumbani kwao Kismayu. Mwanalima, mkewe, alikuwa ameegemeza simu kwenye birika la chai. Umi, binti yao, alikuwa ametuma ujumbe kutoka Mombasa: “Mama, nimeipata ile filamu yenu ya jemadari wa Roma na malkia. Itazameni mpaka mwisho.”

Huo mwisho ndio uliomkosesha Mohdhar raha. Mwaka 1974, wangali watoto wa mtaa mmoja, baba yake Mwanalima aliingia sinema akamtoa binti yake kabla filamu haijaisha. Kesho yake Mwanalima, macho yamemvimba kwa kilio, akamwuliza Mohdhar, aliyebaki mpaka mwisho, jemadari aliishia wapi.

“Alirudi, akamwoa malkia,” Mohdhar akamjibu.

Sasa walikuwa wakicheka. Bahari ilikuwa imechorwa ukutani, na farasi walewale watatu walipita kila vita.

—Tazama yule mchu, yule askari wa Roma, amevaa saa mkononi.

—Na meli ile, tanga limevimbia nyuma nayo yaenda mbele.

Kisha jemadari akachomwa mkuki, akafia mchangani. Malkia akabaki peke yake. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo.

Mwanalima akamgeukia mumewe.

—Kumbe hakurudi.

—Hakurudi.

—Na ulijua.

—Nilijua. Ulikuwa umelia sana, sikuweza kukwambia.

—Baba Umi, vita vilipotutenga nilikaa kambini Mombasa miaka mitatu. Watu walisema umekufa. Tajiri mmoja alileta posa mara mbili, nikamkataa. Wajua nilikuwa nikijiambia nini?

Mohdhar alijua. Akainamisha kichwa.

—Jemadari alirudi. Hilo tu. Ungeniambia kweli, ningeolewa na yule tajiri.

Maneno yale yalimkaa Mohdhar kifuani. Akajibu kwa sauti ndogo.

—Wenye bunduki walionikamata waliponiachia, nilitembea kwa miguu kutoka Burgao mpaka Ras Kamboni, nikavuka mpaka wa Kenya kuingia Kiunga, nikakutafuta kambi kwa kambi. Nilikuwa nimeshakwambia alirudi. Ningefanyaje?

Mwanalima alimtazama mumewe, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

—Mwongo mkubwa wewe. Leo utapika mwenyewe.

Mohdhar akaenda jikoni, akakaanga samaki wawili, changu. Waliungua upande mmoja. Mwanalima akamla wake mpaka mifupa, akasema ni mtamu.