Tangawizi Awekwa Ndani

Mwaka 1992, mtu wa mtaa wa Gikondo aliyetaka suruali imkae vizuri alikwenda kwa Usumani. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya magereji. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani mbili, pasi ya makaa na vitambaa vya wateja. Wezi walikuwa wamevunja mlango wake mara mbili. Ndiyo maana Usumani, mtu wa sala tano, alikubali kufuga mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Tangawizi kwa sababu ya rangi yake. Alikuwa jike wa miezi minane. Alilala mlangoni pa chumba cha kazi, na tangu aje, hakuna kitambaa kilichopotea. Keza, binti ya Usumani wa miaka kumi, ndiye aliyemlisha. Mama yake, Uwamahoro, hakumchukia mbwa, ila alimtaka akae mbali na mkeka wa sala na vyombo vya jikoni. Chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, na maji yenyewe yeye aliyapandisha mlima kichwani.

Ijumaa moja asubuhi Keza aliona matone ya damu uani. Tangawizi alikuwa amekaa karibu na ukuta, akijilamba nyuma.

"Mama, amejikata."

"Ni vyuma vya magereji hivyo," alisema Uwamahoro. Akakoroga chumvi katika maji ya moto, akammwagia pale palipotoka damu. Tangawizi alilia na kukimbilia nyuma ya choo. Damu haikukoma. Siku ya pili ilidondoka tena, na uke wake ulikuwa umevimba.

"Damu ni najisi, Mama Keza," alisema Usumani. "Na hapa uani ndipo tunaposali. Mbwa atoke."

Akamfunga kamba nje ya geti, kando ya barabara. Aliona amefanya jambo la maana. Ua ulibaki safi, na mbwa alipata hewa. Maskini, hakujua anaita wageni.

Jumatatu walifika. Kwanza mbwa dume mmoja mweusi, kisha watatu, kisha sita. Walizunguka geti, walikojolea ukuta, walipigana. Wateja walisimama ng'ambo ya barabara, nguo zao mkononi, wakageuka kurudi. Keza alipotoka shuleni alipita katikati yao ili amfikie Tangawizi. Dume mmoja alidhani ananyang'anywa. Alimrukia na kuchana sketi yake.

Usumani alitoka na ubao wa kupigia pasi, akawafukuza. Aliogopa kweli.

"Basi," alisema. "Théoneste mkulima anakuja Jumapili kutuletea viazi. Atamchukua mbwa huyu ampeleke shambani kwake Gahanga. Sitaki tena."

Keza alikwenda kukaa jikoni, akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Kesho yake Mukankusi alikuja kuchukua koti lake jeupe la kazi. Alikuwa mganga msaidizi wa mifugo, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Aliwakuta madume getini na Tangawizi amejibanza ukutani. Hakuuliza habari ya koti.

"Bwana Usumani, hii mbwa nani ameifunga hapa?"

"Mimi. Anavuja damu. Ni mgonjwa."

"Haiko mgonjwa. Iko kwa siku zake, mara ya kwanza. Fungua kamba, tuingie ndani haraka."

Walipofunga geti, aliuliza kwanza habari ya sketi. Alikagua mguu wa Keza mpaka gotini. Hakukuwa na mkwaruzo.

"Bahati yenu," alisema. "Jino likigusa ngozi, hata kidogo, osheni kwa sabuni na maji mengi, robo saa nzima, halafu mbio hospitali. Kichaa cha mbwa kinaua."

Kisha akamgeukia Uwamahoro, ambaye alikuwa amesimama na kikombe cha chumvi.

"Hiyo chumvi ya nini, madamu?"

"Ya kidonda."

"Oya, hapana. Hakuna kidonda. Chumvi inamuunguza bure. Mpanguse kwa kitambaa na maji ya vuguvugu tu. Na akijilamba mwache, ndiyo kuoga kwake."

"Damu itakwisha lini?" aliuliza Usumani.

"Hesabu tangu siku ya kwanza. Ni kama wiki tatu, siku ishirini na moja. Sasa nisikilize vizuri. Karibu siku ya tisa damu itapauka, iwe kama maji yenye rangi ya waridi. Mtasema amepona. Hapo ndipo hatari. Siku hizo yeye mwenyewe atawatafuta madume. Mkimfungulia mlango, atarudi na mimba."

"Si tutapata watoto wa mbwa?" aliuliza Keza.

"Yeye mwenyewe bado mtoto, Keza. Mwili wake haujamaliza kukua. Akizaa sasa anaweza kuumia sana, hata kufa."

Uwamahoro aliweka kikombe chini. "Kumbe amevunja ungo," alisema polepole.

Mukankusi hakuelewa, ikabidi aelezwe. Bibi yake Uwamahoro alikuwa mtu wa Ujiji, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani. Kwao msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani. Aliogeshwa, alilishwa vizuri, alifundwa, na hakuna mwanamume aliyepita karibu.

"Astaghfirullahi," alisema Usumani. "Leo mbwa amekuwa mwali?"

"Bibi angenichapa kwa kumfananisha. Lakini nimeelewa. Mtoto amepatwa na jambo asilolijua, na sisi tumemtoa nje hadi barabarani." Uwamahoro aliona aibu, na hakuificha.

Usumani alikuna kidevu. "Mwekeni ndani mpaka Jumapili. Théoneste akija, nimeshasema."

Siku hiyohiyo waliondoa magunia ya makaa stoo, chumba kidogo chenye mlango wa mbao. Keza alitandika vipande vya vitambaa vilivyobaki kazini. Kila asubuhi vilifuliwa kwa sabuni na vingine vikatandikwa. Mara tatu kwa siku Uwamahoro alimtoa Tangawizi kwa kamba fupi mpaka nyuma ya nyumba, geti likiwa limefungwa, akasimama naye mpaka amalize haja. Keza aliosha ukuta wa nje kwa maji na sabuni ili harufu ipungue. Hakuna aliyempiga mbwa wala kumkemea.

Alhamisi dume mmoja tu alikuja. Wateja walianza kurudi. Mchana Usumani alionekana akipima kiuno cha Tangawizi kwa utepe wake. Kabla ya magharibi alitoka na kisuruali cha kaki, chenye tundu la mkia na kitambaa laini ndani.

"Nimewashonea mapadri na wakubwa wa serikali," alilalamika. "Leo chupi ya mbwa."

Mukankusi alipopita kuangalia, alicheka mpaka akakaa. "Kazi nzuri. Kinalinda sakafu, lakini hakizuii dume. Mlango ndio unazuia. Na akienda haja, kivueni."

Jumapili ilikuwa siku ya kumi. Damu ilikuwa imepauka, kama walivyoambiwa. Tangawizi alikwaruza mlango na kulialia. Théoneste alifika na baiskeli, viazi nyuma, kamba mpya mkononi.

"Mbwa iko wapi? Kwangu kuna nafasi, hata uzio hakuna."

Keza alimtazama baba yake. Uwamahoro pia alimtazama, lakini yeye alisema.

"Baba Keza, ukimtoa leo, unamtoa kwa madume. Mwali hatolewi kabla ya siku zake."

Usumani alichungulia getini. Nje ya geti mbwa dume mweusi alikuwa amelala, anangoja.

"Théoneste, ndugu yangu, nakuomba radhi," alisema. "Nimekuita bure. Mbwa haondoki."

Keza alikwenda kusimama nyuma ya baba yake, akashika shati lake.

Siku ishirini na moja zilikwisha. Walingoja nyingine tatu, uvimbe ukaondoka, madume wakapotea barabarani. Hapo ndipo mlango wa stoo ulipofunguliwa. Mukankusi alimchanja Tangawizi dhidi ya kichaa cha mbwa, akawaachia maneno ya mwisho. Siku hizo zitarudi baada ya miezi sita hivi. Na katika miezi miwili ijayo, akikataa chakula, akinywa maji kupita kiasi, au akitoa usaha wenye harufu, wamwite siku hiyohiyo.

Uwamahoro aliandika tarehe hiyo ya miezi sita ijayo kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba cha kazi. Keza aliisoma kwa sauti mara mbili. Usumani akasogeza cherehani moja ukutani ili mbwa apate nafasi ya kujinyoosha.

"Nasikia unahitaji mlinzi," mteja mmoja alimwambia wiki ile. "Yule mbwa si ulimtoa?"

"Nimtoe nimpeleke wapi?" alisema Usumani, bila kuinua macho kutoka kwenye mshono. "Ni wa nyumba hii."