Moshi Kutoka Mkuranga

Humoud alikuwa na duka la vitambaa Kariakoo. Aliishi ghorofa ya juu ya duka na mkewe, Hind, na mama yake, Bi Tasneem. Bi Tasneem alikuwa na pumu, lakini alikuwa mcheshi, na dawa yake ya kuvuta ilimtosha. Humoud alimpenda mama huyo kupita kiasi.

Humoud alikuwa pia na shamba la mihogo Mkuranga, kusini mwa Dar es Salaam. Kila kiangazi alimpigia simu msimamizi wake, Onesphory.

"Choma moto, bwana, shamba lisafike haraka."

Baba yake Humoud alifanya hivyo miaka yote, naye Humoud hakuona ubaya. Mwaka mmoja moto ulimshinda Onesphory. Uliingia msituni ukawaka siku kadhaa. Humoud alisikitika kidogo, kisha akarudi kwenye vitambaa vyake.

Asubuhi moja Kariakoo iliamka na ukungu wa moshi.

"Nyumba inanuka," alisema Hind. Alifunga madirisha, akatia makaa kwenye chetezo, akafukiza udi chumbani kwa mama mkwe wake. Kwao chumba cha mgonjwa hakikosi udi. Maskini, alifanya kwa mapenzi.

Punde Bi Tasneem alianza kukohoa. Akavuta dawa yake, haikufua dafu. Hind alipoona midomo yake inabadilika rangi, alikimbia chini kumwita jirani yao Ila, ambaye ni muuguzi. Humoud naye akapanda mbio kutoka dukani.

"Toa chetezo nje!" alisema Ila. "Madirisha umefanya vizuri kuyafunga. Lakini udi nao ni moshi, Hind."

"Na huu wa nje unatoka wapi?" aliuliza Hind.

"Mashambani na misituni, huko kusini. Watu wanachoma, upepo wa kusi unatuletea sisi. Moshi una chembechembe ndogo mno, huzioni kwa macho. Zinasafiri mbali, zinaingia mpaka ndani ya mapafu. Mwenye pumu, mtoto na mzee ndio wanaumia kwanza. Haya, twendeni hospitali, tusipoteze muda!"

Humoud alimbeba mama yake, akashuka naye ngazi.

Hospitalini Bi Tasneem alitiwa oksijeni. Alipopata nafuu alisema kwa shida, "Mungu amsamehe aliyewasha moto huo. Hakujua."

"Amin," aliitikia Hind.

Humoud alipiga magoti kando ya kitanda. Alilia mbele ya mkewe.

"Mama, ni mimi. Mimi ndiye niliyemwagiza Onesphory achome."

Bi Tasneem alimshika mkono.

"Basi kawaambie na wenzako wenye mashamba. Sitaki mama wa mtu mwingine alale hapa."

Humoud alienda Mkuranga na bwana shamba. Wakulima wengine walimcheka, eti mtu wa mjini anawafundisha kulima.

"Msichome," bwana shamba aliwaambia. "Fyekeni, kisha majani myatandaze shambani. Yanatunza unyevu, yakioza yanakuwa mbolea."

Kiangazi kilichofuata wengi hawakuchoma. Mihogo ya Humoud ilistawi kuliko miaka yote, na moshi Kariakoo ulipungua. Bi Tasneem hakulazwa tena.

Lakini pumzi yake haikurudi yote. Siku hizi Humoud akimwambia shikamoo, husimama mlangoni akingoja. Mama yake huvuta pumzi kwanza, ndipo aitikie marahaba.