Daftari la Lifti ya Ghala

Kila asubuhi binti yangu Fabiola aliwasha moto, akapika uji, akafagia, ndipo akakimbia shule. Alikuwa darasa la sita. Kazi hizo zilikuwa za mama yake, Letisia, ambaye alifariki mwezi wa saba mwaka ule wa themanini na tatu, kwenye ghala la shamba la ngano la serikali, huku kwetu Hanang.

Mimi nilikuwa mbeba magunia palepale. Letisia alikuwa akishona midomo ya magunia ghorofani. Magunia yalipandishwa kwa lifti, yaani jukwaa la chuma linalovutwa na mota kwa kamba ya waya. Sheria ilisema lifti ibebe mizigo tu, na breki yake ikaguliwe kila asubuhi na kuandikwa kwenye daftari. Lakini ngazi zilikuwa zimeoza na wakubwa hawakuzitengeneza, basi kina mama wakawa wanapanda pamoja na magunia. Tarehe kumi na nne Julai breki haikushika, jukwaa likaporomoka na Letisia. Meneja akaandika barua kwamba marehemu aliruka kwa uzembe wake. Yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa Arusha, lakini eti aliona.

Mwezi wa tisa ikasikika kwamba mkaguzi wa mitambo atakuja Jumatatu. Jumamosi yake fomeni wa ghala, Margwe, akanijia.

"Baba Fabiola, nasikia binti yako ana mwandiko mzuri. Wangu ni wa kuku. Aje anijazie daftari la lifti, nitampa kilo mbili za sukari."

Mwaka ule sukari ilikuwa haionekani dukani. Sikuuliza zaidi. Nikamleta mtoto.

"Shikamoo, fomeni."

"Marahaba. Kaa hapo. Kuanzia tarehe moja Juni, kila siku ya kazi andika: kamba nzuri, breki nzuri, mlango mzuri. Mimi nitatia sahihi."

"Lakini fomeni, siku zenyewe zimeshapita."

"Ndiyo maana nakulipa sukari. Ungekuwa mkaguzi ningekulipa mbuzi." Akacheka peke yake.

Fabiola akaandika. Juni ikaisha. Mimi nilikaa mlangoni nikisikiliza kalamu ikikwaruza. Mara ikanyamaza.

"Fomeni, hata tarehe kumi na nne Julai niandike breki nzuri?"

"Zote! Huna masikio?"

"Siku hiyo ilikuwa siku gani?"

Margwe akatazama kalenda ukutani. "Alhamisi. Siku ya kazi kama nyingine. Andika."

Hakukumbuka. Miezi miwili tu ilikuwa imepita, na mtu yule alisimama nasi kaburini akaimba, lakini hakukumbuka.

Kalamu ikaanza tena. Fabiola alipomaliza, Margwe akatia sahihi ukurasa kwa ukurasa bila kusoma, akampa sukari yake.

Njiani mtoto akasema, "Baba, tarehe ile nimeandika ukweli. Nimeandika breki haikushika, mama akafa."

Nilisimama. "Unataka tufukuzwe? Nyumba ni ya shamba, kazi ni ya shamba!"

"Ningeandika nzuri, baba, ningekuwa nimesema mama aliruka."

Nikapokea sukari mkononi mwake, tukaendelea na njia.

Jumatatu mkaguzi akaja, mtu mfupi mwenye miwani. Alifungua daftari mbele yetu sote, akafika katikati, akasimama.

"Nani ameandika hapa?"

"Watoto, mzee," akasema Margwe. "Wanachezea vitu vya ofisi."

"Na sahihi iliyo chini yake, nayo ni ya mtoto?"

Meneja akanitazama. Nikaona nyumba inaondoka. Halafu nikawaona kina mama watano wamesimama na sindano zao za magunia, wanangoja kupanda. Nikasema, "Ni binti yangu. Mstari huo ni kweli. Mingine yote ni uongo, ameiandika juzi Jumamosi, na mimi ndiye niliyemleta kwa sababu ya sukari."

Mkaguzi akaagiza magunia yapakiwe, watu wakae mbali, lifti ipande kidogo, kisha mota izimwe. Breki ikashika, ikaachia, jukwaa likashuka lenyewe hadi chini, puu! Mkaguzi akaifunga lifti kwa mnyororo na kufuli. Akaandika kwamba isitumike mpaka ifungwe breki mpya na ngazi zitengenezwe, na kwamba mtu asipande tena.

Ikafanyika. Breki ilichukua wiki sita kufika. Ngazi, fundi alizimaliza kwa siku mbili. Siku mbili! Ile barua ya uzembe ikafutwa, nikapewa karatasi nyingine yenye muhuri. Hakuna mkubwa aliyeniambia pole. Margwe hawakumfukuza, walimhamishia shamba jingine, na nasikia huko nako kuna lifti.

Siku moja Fabiola akaniuliza, "Baba, ile Juni yote niliyoandika nzuri, ni kosa langu?"

"Ni langu kwanza," nikamwambia, "maana mimi ndiye mtu mzima na mimi ndiye niliyekutuma. Lakini na wewe shika neno hili. Breki haijui kusoma. Ukiiandikia nzuri, haitashika kwa sababu umeandika. Usiandike kamwe jambo ambalo hukulikagua. Mama yako hakwenda shule. Kila asubuhi alipanda akiamini kwamba wanaojua kusoma na kuandika wameshaangalia."