Siku Fundi Gundi Alipojificha Uvunguni

Mtaani kwake, fundi viatu alijulikana kwa jina moja tu: Gundi. Alilipata siku aliyokalia gundi iliyomwagika. Aliponyanyuka, kigoda nacho kikanyanyuka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye aliwazidi kwa kucheka, na jina likamkaa.

Gundi alishona viatu kwenye banda dogo la mabati. Mkewe aliuza mabeseni, ndoo na machujio sokoni. Watoto wao walikuwa wakubwa, kila mmoja na nyumba yake. Wakabaki wawili, wakitaniana kama ndiyo kwanza wameoana.

Kila jioni mke alikanda vidole vya mumewe kwa maji ya moto. Vilikuwa vimevimba kwa sababu ya kushona kwa mkono. Viatu vigumu hakuviweza kabisa. Hivyo alivitia kwenye gunia na kuvipeleka mtaa wa pili, kwa fundi mwenye cherehani ya viatu. Huyo alimtoza pesa.

"Vidole hivi vitaniachia mume asiyeweza hata kushika kijiko," mke alisema siku moja. "Kopa ununue cherehani yako. Mimi kikundi chetu cha kukopeshana kimenikopesha mara tatu, na mabeseni yangu yameongezeka."

"Mke wangu, kukopa harusi, kulipa matanga. Kaka yangu alikopa kwa yule mkopeshaji wa mtaani. Baiskeli yake iko wapi leo?"

"Kaka yako aliuliza atalipa kiasi gani?"

Kaka yake hakuuliza.

Kesho yake mke akamkaribisha Katibu. Huyu alikuwa jirani yao, mshona nguo, na ndiye aliyeandika mambo yote ya kikundi. Alimwita Gundi shemeji, naye Gundi alimwita shemeji.

"Shemeji," Katibu alisema, "mkopo ni kama kiatu. Kikikubana kinakuchubua. Kikikuzidi unajikwaa. Kwanza tupime mguu. Kila wiki unamlipa kiasi gani yule mwenye cherehani?"

"Kama elfu kumi na mbili."

"Cherehani iliyotumika, lakini nzima, inauzwaje?"

"Laki mbili na themanini."

Katibu akaandika kwenye karatasi, kisha akamgeuzia ajionee.

"Ukikopa laki tatu, unanunua cherehani na unabaki na elfu ishirini za uzi, sindano na soli. Riba ni elfu thelathini. Kwa hiyo utarudisha laki tatu na thelathini, na si zaidi. Utalipa elfu kumi kila Alhamisi, kwa wiki thelathini na tatu."

Gundi akakuna kichwa. "Yaani pesa ninayompa yule fundi inatosha kulipa mkopo?"

"Inatosha na inabaki. Huo ndio mkopo wa maana, ule unaojilipa wenyewe kwa kazi. Ukikopa ili ule au uvae, utalipa kwa machozi. Na mkopeshaji akikataa kukuambia jumla utakayolipa, nyanyuka uende zako."

"Na nikishindwa?"

"Kikundi chetu kina watu watano, wewe ukiwa wa tano. Tunadhaminiana. Mmoja akikwama, wenzake wanambeba. Kwa hiyo usituingize kwenye shimo, shemeji."

Gundi alikopa. Alikwenda na mkewe kununua cherehani. Akaijaribu kwa viatu vitatu kabla ya kutoa pesa. Usiku ule aliifunika kwa shuka lake mwenyewe. Mkewe akamwambia, "Basi kalale nayo!"

Wiki nne za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Gundi alilipa kila Alhamisi. Lakini alikuwa na moyo laini. Mtu akimwambia, "Gundi, nitakulipa Jumamosi," yeye alimkabidhi kiatu. Jumamosi zikapita. Watu tisa wakawa wanatembea na viatu alivyowashonea bila kulipa.

Tena kulikuwa na jambo la kiti. Mkewe alikuwa akikaa sokoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, tangu asubuhi mpaka jioni. Gundi aliona kiti kizuri chenye egemeo. Akatoa pesa ya rejesho, ile ya kulipa mkopo Alhamisi, akakinunua. Alijiambia kwamba wale tisa watalipa kabla ya Alhamisi. Mkewe alikipokea kwa vigelegele.

Alhamisi ikafika. Hakuna aliyelipa.

"Tangulia kwenye kikao cha kikundi," Gundi alimwambia mkewe. "Nakuja."

Mke akaenda. Wakasubiri. Saa tisa, saa kumi, Gundi hakuonekana. Mwishowe mke na Katibu wakamfuata nyumbani.

"Hodi!" Katibu aliita. Mke akaingia chumbani, Katibu akasimama mlangoni. Chini ya kitanda akaona soli mbili zimetokeza. Alizijua vizuri soli zile.

"Baba, unafanya nini uvunguni?"

"Natafuta kifungo," sauti ikajibu.

"Kifungo cha nini, nawe umevaa fulana?"

Gundi akatoka polepole, vumbi kichwani na utando wa buibui sikioni. Hakuweza kuwatazama.

"Sina rejesho," alisema. "Nilidhani mmekuja kuchukua cherehani." Akawaeleza yote: wale tisa, na kile kiti.

Mkewe akaketi kitandani. Alitaka kukasirika. Akautazama utando ule wa buibui, akashindwa. Akamfuta sikio kwa kiganja.

"Mgongo wangu umekipenda kiti kile," alisema. "Lakini ningejua pesa imetoka wapi, ningeendelea kukaa kwenye ndoo. Mimi nimekudhamini. Mwezi ujao ni zamu yangu kukopa, nijaze bidhaa kabla shule hazijafunguliwa. Ukikwama wewe, na mimi nimekwama."

Maneno hayo yalimchoma Gundi kuliko sindano yoyote. "Nilitaka kukufurahisha tu, mama."

"Najua. Siku nyingine nifurahishe kwa kuniambia."

Katibu akavuta kigoda. "Shemeji, kosa lako kubwa si kukosa pesa. Kila mfanyabiashara hukosa siku moja. Kosa ni kunyamaza. Ungetuambia Jumatatu, tungepanga. Leo tumekulipia kutoka mfuko wa dharura wa kikundi. Utarudisha elfu mbili mbili kwa wiki tano, juu ya rejesho lako. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Na pesa ya kazi na pesa ya nyumbani usizichanganye tena. Huko ndiko kula mtaji, na mtaji ukiliwa haurudi."

Jumapili mume na mke wakapita nyumba kwa nyumba. Hawakugombana na mtu. Walisalimia, wakakaa, wakaeleza shida yao. Sita walilipa palepale. Wawili waliomba wiki moja, wakalipa. Wa mwisho alitaka kutoa jogoo.

"Asante, ndugu yangu," mke alisema, "lakini Katibu wetu hana pa kumfuga." Yule bwana akacheka, akaingia ndani, akatoka na pesa.

Tangu hapo Gundi aliweka makopo mawili bandani. Moja lilikuwa la rejesho. La pili lilikuwa la uzi, soli na sindano. Kilichobaki ndicho kilichokwenda nyumbani. Ukutani akaandika kwa chaki: NUSU SASA, NUSU UKICHUKUA.

"Gundi, siku hizi umekuwa mgumu!" mteja mmoja alilalamika.

"Gundi isipokuwa ngumu, rafiki yangu, kiatu kinabanduka," akamjibu, akinyoosha mkono apewe nusu yake.

Wateja hawakumkimbia. Walijua kazi yake ni safi, na sasa ilikuwa ya haraka. Mkewe alipata mkopo wake kwa zamu yake. Shule zilipokaribia kufunguliwa, mwalimu mkuu alileta viatu vya wanafunzi, jozi arobaini. Zamani Gundi angevikataa. Safari hii alivimaliza kwa siku sita, na uvimbe wa vidole ulikuwa umepungua.

Wiki ya thelathini na tatu, Gundi aliweka mezani elfu kumi za mwisho. Wenzake wakapiga makofi. Mmoja akampigia saluti.

"Shemeji," Katibu alisema, "kwa ulivyolipa, sasa unaweza kukopa hata laki tano. Niandike?"

Laki tano! Gundi akaziona zimepangwa mbele yake. Nusura akubali palepale. Akamgeukia mkewe.

"Mama, unaonaje?"

"Kazi yako inahitaji nini?"

"Ngozi na soli. Nikinunua kwa jumla, nitazipata kwa bei nafuu."

"Za kiasi gani?"

"Laki moja na nusu."

"Basi unahitaji laki moja na nusu," mkewe alisema.

Katibu akaandika, akamsogezea karatasi. Gundi hakusaini mara moja. Aliinama, akaisoma yote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Jumla. Riba. Wiki. Hakuna aliyemharakisha. Alipofika mwisho alitikisa kichwa kukubali, akaomba kalamu.