Frigo au Mzigo Mkavu

Miezi miwili sasa Térence alikuwa nyumbani. Asubuhi alimwogesha mtoto wao Alain, akafua nguo, akazianika. Majirani zake wa mtaa wa Cato Manor walimsifu mbele ya mkewe. Yeye alitabasamu tu, lakini sifa zile zilimkera. Térence ni dereva wa lori. Mtu aliyezoea usukani ukimpa kamba ya kuanikia nguo ataishika, ila moyo wake hauko pale.

Jumamosi moja mkewe, Valérie, alikuwa akichambua maharage mezani. Simu ya Térence ililia. Baada ya saa moja ikalia tena. Kampuni mbili zilimtaka. Ya kwanza ilibeba mizigo mikavu: vigae, nguo, sabuni, karatasi. Ya pili ilibeba mizigo ya frigo, yaani vyakula vinavyosafirishwa kwenye baridi. Zote zilitaka jibu Jumatatu.

"Frigo inalipa zaidi," Valérie alisema. "Sasa iko shida gani, Papa Alain?"

"Nitachukua mzigo mkavu."

"Kwa nini?"

"Mkavu hauna maneno. Unapakia, unafunga mlango, unaenda."

Valérie aliacha maharage akamtazama. Zamani mume huyu alikuwa akisimulia habari za frigo mpaka chakula kinapoa. Leo hataki hata kuitaja.

Térence aligeukia dirisha. Alikuwa amemwambia mkewe kwamba kampuni yake ya zamani ilifungwa. Haikufungwa. Ilimfukuza, naye aliona haya kusema.

"Tumuulize dada Jebet," Valérie alisema. "Yeye kazi yake ni hiyo hiyo."

Jebet ni Mkenya, anakaa chumba cha chini yao. Kazi yake ni kukagua vyakula kwenye ghala la baridi karibu na bandari. Alipanda ngazi, akaketi, akamiminiwa chai ya maziwa mengi, maana Valérie hakuhitaji tena kumuuliza anaipendaje.

"Kazi zote mbili ni nzuri," Jebet alianza. "Usichague kwa kusikia mtu amesema hii inalipa. Uliza kila kampuni siku yako itakuwaje."

"Mkavu je?" Térence aliuliza.

"Mkavu una utulivu. Ukichelewa nusu siku, kigae hakiozi. Mara nyingi unaacha tela, unachukua lingine, unaondoka. Lakini lazima mzigo ufungwe vizuri, na maji ya mvua yasiingie. Tena biashara madukani ikipoa, dereva anakaa nyumbani."

"Na frigo?"

"Watu wanakula mwaka mzima, kwa hiyo kazi haikatiki sana. Ila unasubiri. Kwa saa nne, hata saa sita, uko mlangoni pa ghala. Ukilala, mashine ya baridi inanguruma mgongoni kwako. Ina mafuta yake peke yake, ni lazima uyaangalie. Kila ukisimama, unasoma namba ya baridi. Mtu mvivu wa kusoma namba, abebe vigae."

Valérie alicheka. "Huyu wangu anaamka hata kuangalia kama mlango umefungwa."

"Basi huyo ni mtu wa frigo," Jebet alisema. "Shida ya madereva wengi ni kudhani baridi ikizidi ndiyo bora. Wiki iliyopita tulipokea ndizi mbichi, dereva amezishusha hadi nyuzi sita. Ndizi ni ya nchi za joto, inataka kumi na tatu hivi. Ukiipiga baridi kali inaumia ndani kwa ndani. Unapoipokea huoni kitu. Ukiivundika, ganda linakuwa kama majivu."

Térence aliweka kikombe chini.

"Rudia hapo," alisema polepole.

Jebet alirudia. Térence alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Alain, kampuni haikufungwa. Nilifukuzwa."

Valérie alisukuma maharage kando.

"Nilipeleka ndizi Cape Town. Karatasi ya mzigo iliandikwa kumi na tatu. Mimi nikasema, eish, hawa wamekosea. Kumi na tatu ni baridi gani? Kwetu Mugamba, milimani, usiku wa kawaida uko hivyo, na watu wanalala na blanketi moja. Nikahofia mzigo usije ukaivia njiani. Nikashusha hadi tano. Siku mbili nzima. Baadaye wakaniambia ndizi zimekuwa majivu, na mimi nimechezea mashine. Nilijua sikuizima. Nilidhani wananionea."

"Kumbe ulizionea ndizi," Valérie alisema.

Jebet alitaka kucheka akajizuia. Valérie hakuwa anacheka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Miezi miwili unanidanganya ndani ya nyumba moja," alisema. "Ndizi si kitu kwangu. Hilo la uongo ndilo linaniuma."

"Nisamehe. Niliona haya."

"Haya zako ziachie hapa hapa leo."

Jebet alichukua kalamu ya Térence iliyokuwa mezani, akampa.

"Umekosea kwa kutojua, na sasa unajua," alisema. "Andika mambo matatu. Moja, ifuate namba ya karatasi hata kama haikuingii akilini. Ukiwa na shaka, piga simu, usijiamulie. Mbili, usipange makasha mpaka darini au kugusa mlango. Baridi inatembea na hewa, iachie njia. Tatu, hili ndilo linawaumiza wengi. Frigo ya nyumbani unaweka maji ya moto yanapoa. Ya lori haikutengenezwa kwa hiyo. Ya lori inatunza baridi ambayo mzigo umekuja nayo. Ukipakia kitu cha joto, utashusha kitu cha joto. Kwa hiyo pima kabla ya kupakia."

Térence aliandika yote. Jumatatu alikwenda Chatsworth, kwenye ofisi ya kampuni ya frigo. Mwenye kampuni, Bwana Chetty, alimuuliza kwa nini aliacha kazi ya kwanza.

"Nilifukuzwa," Térence alijibu, akamweleza habari ya ndizi bila kupunguza.

Bwana Chetty alifungua daftari la safari.

"Nakupa safari moja," alisema. "Ukiharibu, usirudi."

Safari ilikuwa ya mtindi, kutoka ghala moja la Mobeni kwenda mji wa Ladysmith. Karatasi iliandikwa nyuzi nne. Térence aliwasha mashine mapema, akasubiri mpaka ndani ya tela pakafika nne. Kisha akachomeka kipimajoto katikati ya makasha yaliyokuwa yakisubiri kupakiwa. Kilisoma kumi na moja.

"Siwezi kupakia mzigo huu," alimwambia mpakiaji.

"Pakia tu, kaka. Frigo yako itapoza njiani."

"Frigo yangu haipozi. Inatunza."

"Bosi wako ametuambia una safari moja ya majaribio, halafu unaleta ubishi?"

Térence aliogopa sana. Aliona kamba ya nguo ikimsubiri nyumbani. Angetia sahihi, angekuwa barabarani baada ya nusu saa. Lakini aliandika "kumi na moja" kwenye karatasi, pamoja na saa, akampigia Bwana Chetty.

Akamsomea alichoandika.

"Umepima mwenyewe?" Bwana Chetty aliuliza.

"Mara tatu, bosi. Makasha matatu."

"Basi usipakie. Waurudishe kwenye chumba cha baridi. Wewe subiri hapo."

Alisubiri kwa saa tano. Alipopima tena, kipimajoto kilisoma nne, na mzigo ukapakiwa. Njiani, kila aliposimama, alisoma namba. Ladysmith mpokeaji alipima naye, akatikisa kichwa kukubali, akatia sahihi.

Kabla hajawasha lori kurudi, Bwana Chetty alimpigia. Maneno yake yalikuwa machache: mkataba uko tayari, aje kuutia sahihi kesho. Térence alishukuru, akampigia mkewe.

"Wamenichukua, Mama Alain."

Valérie alifurahi, akaanza kumwimbia Alain kwa sauti. Halafu akaacha kuimba, maana upande wa pili alisikia pumzi nzito.

"Papa Alain? Unalia?"

Zamani angesema ni vumbi.

"Ndiyo," Térence alisema. "Ninalia."