Falis na Regina Wanashindana

Mjini Isiolo, mtu akitaka habari za Kulamawe anangoja lori la maziwa. Lori likifika, habari nazo zimefika: nani ameoa, mvua imenyesha wapi, ngamia wa nani amezaa. Mwaka wa 1982 lori hilo lilikuwa likisimama karibu na hoteli ya Mzee Guleid. Falis, yaani Mama Deqa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulikimbilia. Alipokea maziwa ya ngamia kutoka kwa shemeji zake, wafugaji wa Kulamawe, akayapeleka hotelini, kisha akarudi nyumbani Bulapesa na habari za kutosha majirani mpaka jioni.

Kazi hiyo ndiyo iliyoshika nyumba. Mumewe, Shuriye, aliendesha lori la kwenda Merti, na barabara ikiharibika hakuonekana kwa muda mrefu. Watu walisifu chai ya Guleid kwa sababu ya maziwa ya Falis. Falis mwenyewe hakuchoka kuwakumbusha.

Halafu akaja Regina, Mama Ebei. Huyu alikuwa Mturkana, na alileta maziwa ya ng'ombe kutoka kwa ndugu zake Ngare Mara, karibu na mji. Asubuhi alikuwa amekwisha kufika wakati lori la Kulamawe bado linapigana na mchanga. Guleid akanunua kidogo kwake. Baadaye akanunua zaidi.

Falis akaona anaachwa nyuma. Akaamua naye awe mwepesi. Tangu zamani maziwa yake yalisafiri ndani ya haan, vyombo ambavyo mama yake alivifuma kwa mkono. Haan ni nzito, na kila siku lazima ioshwe na kufukizwa moshi kwa kijiti kinachoungua. Falis akapeleka Kulamawe jerikeni za plastiki zilizokuwa za mafuta ya kupikia. Jerikeni ni nyepesi, inafungika vizuri, na moshi haitaki. Zile haan akazitundika ukutani, wageni wakija wazisifie.

Haikupita muda, maziwa yakaanza kukatika. Guleid akiyachemsha, yanageuka mabonge na maji. Madereva waliozoea kunywa chai hapo wakaguna, wakavuka barabara kwenda kunywa chai upande wa pili. Guleid hakumfokea Falis. Alimwita kando, akamwambia kwa upole kwamba yakikatika tena, atabaki na maziwa ya Mama Ebei peke yake.

Siku hiyo Falis hakuiangalia jerikeni. Alimwangalia Regina. Alikumbuka kwamba maziwa yao hukaa pamoja katika jiko la Guleid. Jioni, kwenye bomba la maji, akawaambia wanawake kwamba yule mama hupita karibu na maziwa yake, na jicho lake si zuri. Maneno yakamfikia Regina kabla ndoo ya Falis haijajaa. Regina naye akasema labda mama yake Falis hakumfundisha kuosha chombo.

Mama alipotajwa, maziwa yakasahaulika. Ikawa ugomvi wa mtaa mzima.

Wanawake hawa wawili walisoma ngumbaro, darasa la watu wazima, wakati wa alasiri. Kabla ya hapo walikalia benchi moja na kuazimana penseli. Sasa Falis na wenzake wakakaa karibu na mlango, Regina na wenzake karibu na dirisha. Mwalimu Huka, Mborana mpole aliyependa utani, akakuta mabenchi ya katikati hayana mtu.

Akauliza kama katikati kuna siafu.

"Mwalimu, huyu mama anashindana na mimi," Falis akasema.

Huka akachukua chaki. Akaandika ubaoni neno moja kubwa: SHINDANA. Akawataka walisome pamoja, kisha kila mtu aseme maana yake.

Regina alisema ni kama watoto shuleni wakikimbia mbio. Mwingine akasema ni mpira. Falis akasema kwake nyumbani ni kitu kingine kabisa. "Deqa akinijibu vibaya, namwambia, usishindane na mimi. Ni kubishana."

"Wote mmesema sawa," Huka akasema. "Neno hili lina mbio ndani yake, na lina ubishi. Limetoka kwa shinda. Nikikushinda mbio, nimekupita. Mzigo ukinishinda, umenizidi nguvu. Tukiongeza hii sehemu ya mwisho, inakuwa mimi na wewe, wewe na mimi. Mtu hawezi kushindana peke yake."

Mama mmoja akauliza kama ndiyo ile shinda ya kushinda sokoni kutwa. Huka akasema zinafanana, lakini kama zilizaliwa pamoja yeye hajui, na hataki kuwadanganya.

"Sasa, mbio na ubishi vinatofautiana wapi?" akauliza.

Regina akasema polepole, "Mbio ina mstari. Na watu wanaona nani amefika."

"Haya. Mama Deqa, maneno yako ya bombani yana mstari? Kuna mtu aliona?"

Falis akainamisha kichwa kidogo, lakini hakukubali. Alisema maziwa yake yanaharibika, na hilo kila mtu ameliona. Mwalimu akasema hapo ni kweli, basi washindane mbele ya watu. Maziwa ya asubuhi ya Regina yagawanywe sehemu mbili. Nusu yakae katika chombo cha Regina, nusu yatiwe katika jerikeni ya Falis. Falis mwenyewe aioshe na kumimina. Alasiri Guleid ayachemshe yote.

"Kama ni jicho," Huka akasema, "maziwa ni ya Mama Ebei mwenyewe. Ataharibu mali yake?"

Regina akakubali kwa sharti moja. "Mimi nitakaa ng'ambo ya barabara. Asije mtu akasema nimepita karibu."

Falis naye alikubali haraka. Aliamini chombo chake ni safi. Aliiosha jerikeni kwa sabuni, akaisuuza mpaka maji yakatoka safi. Vyombo viwili vikawekwa kwenye benchi mbele ya hoteli, chini ya kivuli. Habari ikasambaa. Waliokuwa na haja ya chai walikuja, na wasiokuwa na haja walikuja vilevile. Regina alikaa ng'ambo akishona shanga, wala hakuinua macho.

Alasiri Guleid akawasha majiko mawili. Maziwa ya Regina yakapanda, yakatoa povu, yakatulia. Yale ya jerikeni yakaanza vizuri, kisha yakakatika. Mabonge yakaelea juu, watu wote wakiyaona.

Hakuna aliyecheka.

Huka akaomba panga, akaipasua jerikeni. Nje ilikuwa inang'aa. Ndani, kwenye kona na chini ya mkono wa kushikia, kulikuwa na utando wa manjano. Akamwomba Falis aunuse.

Akaeleza kwamba mkono haufiki pale, wala brashi haifiki. Maziwa ya jana hubaki hapo, na vijidudu huzaana. Maziwa ya leo yakiingia, vijidudu vinayaharibu kabla hayajafika mjini. Chombo cha maziwa kiwe na mdomo mpana, kioshwe mpaka ndani kabisa, kikauke juani. Haan ikisuguliwa na kufukizwa moshi, vijidudu hupungua na maziwa hukaa zaidi. Na maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa, ya ngamia na ya ng'ombe, yote.

Falis akavuka barabara mbele ya watu wote, akasimama mbele ya Regina.

"Mama Ebei, maziwa yalikuwa yako. Uchafu ulikuwa wangu. Jicho lako halina kosa."

Regina akaweka shanga chini. "Na mimi mama yako nilimtaja bure. Nisamehe."

Jioni ile Falis alizishusha haan kutoka ukutani. Deqa akauliza wageni watasifu nini sasa. Akaambiwa watasifu chai. Falis akazisugua, akazianika, akazifukiza mpaka nyumba nzima ikanuka moshi, kisha akazipeleka Kulamawe.

Maziwa yaliporudi, Guleid aliyachemsha akiwa amesimama karibu na jiko. Hayakukatika. Madereva wakarudi kidogo kidogo. Asubuhi walikunywa chai ya Regina, jioni walikunywa ya Falis, na kutwa walibishana ipi ni bora. Regina akaanza kuja mapema zaidi. Falis akaanza kumlaumu dereva wa Kulamawe kwa uvivu.

Darasani benchi la katikati lilipata watu. Siku moja Mwalimu Huka akawaambia kila mtu atunge sentensi yenye neno *shindana*. Falis aliandika polepole, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo: Mimi na Regina tunashindana.

Regina akachungulia. "Ongeza *kila siku*."

"Wewe, usishindane na mimi," Falis akasema.

Kisha akaomba ile penseli ya Regina, kwa sababu yake ilikuwa imekwisha ncha, akaongeza: kila siku.